Kukhu na Kifungo cha Jeddah

Mumias ni mji uliojengwa kwa sukari, na nyumba tuliyomo ilijengwa kwa sukari pia. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa trekta la miwa tangu kiwanda kianze kusaga mwaka 1973, na enzi zake hakuna mgeni aliyeondoka barazani pake bila kunywa chai ambayo kijiko kilikaribia kusimama chenyewe. Kiwanda kilikuja kuyumba, kikazama kwenye madeni, na Septemba 2019 kikakabidhiwa mrasimu. Mwisho wa 2021 kikapata mpangaji kutoka Uganda. Sukari ya Kukhu haikupata mrasimu wala mpangaji. Aliachiwa mwenyewe, yeye na sindano yake.

Kukhu ni mama mkwe wangu, nyanya wa watoto wangu, na kwa kuwa mtaa mzima unamwita hivyo nami nilishazoea. Hujidunga insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Chupa hulala ndani ya chungu kidogo kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kwa sababu stima ya huku ina tabia ya kwenda bila kuaga. Maji yanapokauka mchangani hupoza dawa, na vyungu havijawahi kututumia bili.

Mashine ya kutoboa kidole alipewa bure kliniki. Stripu zake ndizo za kununua, na hapo ndipo biashara ilipo. Kwa hiyo Kukhu alipimwa pesa zilipopatikana, na karibu kila mara ilikuwa asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni. Ikisoma 6 au 7, siku ilikuwa na amani. Ikisoma 13, mahakama ilikaa. Mwendesha mashtaka alikuwa Shangazi, dadake marehemu, anayeishi nasi.

“Wifi, jana usiku ulikula nini?”

“Sikula kitu.”

“Basi sukari iliingilia dirishani.”

Kesi hiyo iliendelea miaka bila hukumu.

Sasa, kitinda mimba wa Kukhu anaendesha lori Jeddah. Huko alimwona mwenzake wa kazini amebandika nyuma ya mkono kitu cheupe cha duara, kikubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi ishirini, akajipima sukari bila kutoa hata tone la damu. Kijana akajibana matumizi, akanunua mashine ya kusomea pamoja na vihisio vitatu, akampa mtu aliyetoka Umra atuletee nyumbani. Boksi lilifika salama. Karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ilikuwa ya Kiarabu kitupu.

Ustadhi wa madrasa akaitwa. Aliisoma kwa makharij safi, kila madda mahali pake, mpaka Mjomba, naye wa humu ndani, akaitikia “Amina” mwishoni mwa kifungu ambacho, tulikuja kuambiwa baadaye, kilikuwa kinakataza mgonjwa kuingia na kifaa hicho kwenye mashine ya picha ya sumaku. Ustadhi mwenyewe, muungwana, alisema yeye amesomea Kiarabu cha ibada, si cha betri. Tukamshukuru, tukampa chai.

Aliyebaki ni Fundi, mume wa wifi yangu, anayetengeneza simu karibu na stendi. Sijaona kifaa kilichomshinda. Tatizo ni kwamba Kukhu ni mama mkwe wake, na huku kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana kwenye kichochoro mmoja huacha njia. Na mashine ile, ili isome, ni lazima isogezwe sentimita chache tu kutoka kwenye mkono wa mgonjwa. Basi Fundi akaketi chini ya mwembe, Kukhu chumbani, na binti yangu wa sekondari akawa anakimbia katikati na ujumbe.

“Mwambie Mama apanguswe nyuma ya mkono kwa spiriti, juu ya kiwiko!”

“Kukhu, unaambiwa…”

“Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mkwe wangu ahsante sana, ila apunguze sauti. Majirani hawajaalikwa.”

Mimi ndiye niliyebonyeza. Kulikuwa na mlio mmoja mkavu, tap, sindano ikaingia na kurudi, ikaacha chini ya ngozi uzi mwembamba wa nusu sentimita hivi. Kukhu alikuwa amefumba macho na kuuma upindo wa leso. Alipoyafumbua akauliza tutaanza lini. Tangu hapo kitu kile akakiita kifungo, nasi sote tukafuata.

Kihisio kikishawashwa hukaa saa nzima kabla hakijatoa jibu. Saa hiyo tuliikaa sebuleni kama watu wanaongoja matokeo ya uchaguzi kutoka Bomas. Mashine ikalia, binti akasoma kwa sauti: “Mia moja sabini na moja.”

Ili mwelewe kilichofuata, jueni kwamba Kukhu aliwahi kukimbizwa hospitali sukari yake ikiwa 27, hajijui hajitambui, akalazwa na kutiwa maji ya mishipa. Ishirini na saba ndiyo ilikuwa namba ya kutisha kuliko zote katika ukoo wetu. Sasa mashine inasema 171, na mwenye 171 ameketi mkekani anachambua mrenda.

Shangazi alianza kumtamkisha shahada. Mjomba akatoka mbio bila viatu kutafuta bodaboda. Mume wangu akawa anampigia simu nduguye Jeddah, akimuuliza kwa nini ameleta msiba ndani ya boksi. Kukhu alitutazama mmoja mmoja. “Mbona mnaniangalia hivyo? Kwani nimekufa?” Hakujibiwa. Alipakiwa kwenye bodaboda, Shangazi nyuma yake amemkumbatia asidondoke, bakuli la mrenda bado mkononi.

Kliniki, afisa aliyekuwa zamu, kijana mtaratibu sana, alimtoboa kidole: 9.3. Akaigeuzageuza ile mashine mkononi.

“Hii imetoka wapi?”

“Jeddah.”

Akacheka mpaka akavua miwani. Hospitali za Kenya, alieleza, huhesabu sukari ya damu kwa milimoli katika lita. Saudia, kama Marekani, huhesabu kwa miligramu katika desilita. Ukitaka kutoka hesabu ya kwao uje ya kwetu, gawa kwa 18. Akachukua simu yake, akagawa mbele yetu: 171 ikawa 9.5. Mashine na kidole vilikuwa vimekubaliana tangu mwanzo.

“Kwa hiyo haumwi?” Shangazi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

“Anaumwa, mama. Ila ni kiasi chake cha siku zote.”

Mashine haikutupa nafasi ya kubadili kipimo, kwa hiyo binti yangu akachukua chaki, akaandika ukutani jikoni: 70 ni 3.9, 180 ni 10, 270 ni 15. Kati ya 70 na 180 akachora bustani, juu yake moto, chini yake shimo. Ukuta huo haujapakwa rangi hadi leo, na mtu asipendekeze.

Fundi ndiye aliyetueleza, kutoka mwembeni, jinsi kifungo kinavyofanya kazi. Ule uzi umepakwa kimeng’enya kinachokutana na sukari na kuzalisha umeme mdogo mno. Sukari ikizidi, umeme unazidi, na mashine inaubadili kuwa namba. Wazo si jipya. Mmarekani Leland Clark alilitoa na mwenzake mwaka 1962, lakini ilichukua hadi 1999 kihisio cha kwanza cha kuvaliwa kuidhinishwa Marekani, tena hicho mgonjwa hakuziona namba zake. Alikivaa siku chache, daktari ndiye akazisoma baadaye. Aina hii ya kubandika wiki mbili, isiyodai kidole kitobolewe kila mara ili irekebishwe, ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014. Yote hayo tuliyasikiliza vizuri. Jambo moja Fundi alilolirudia, kwamba uzi hausomi damu bali majimaji yaliyo kati ya seli, na majimaji hayo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika tano, kumi au zaidi kidogo, hilo halikumwingia mtu. Lilionekana ni jambo la mafundi.

Likaja kutuingia usiku. Mashine ilikuwa imetegwa ilie sukari ikienda chini ya 70. Kukhu alikuwa amelala kwa saa moja hivi, ubavu wa kushoto, mkono wenye kifungo ukiwa chini yake, mara ikaanza kupiga kelele. 58. Shangazi alifika wa kwanza na tochi. Kukhu akaamshwa.

“Niko sawa. Niacheni nilale.”

“Hivyohivyo ndivyo wanavyosema!” Shangazi akatangaza, na kwa kweli hapo hakukosea, maana aliyeshukiwa na sukari huweza kuropoka kwamba hana neno. Akanyweshwa kikombe cha maji ya sukari. Mashine ikasoma 61. Akaongezwa soda. Mashine ikasoma 64. Mjomba akaenda chumbani kwake, akarudi na kipande cha sukari nguru alichokuwa amekihifadhi kwa shughuli ambayo nyumba ya Kiislamu haikuona haja ya kuiuliza. Kukhu alikitafuna chote, macho yamefumba, kwa utulivu ulionitia shaka. Adhana ya alfajiri ilipotoka, mashine ilikuwa inasoma 312.

Yule kijana wa kliniki safari hii hakucheka. Mtu akilalia kihisio, alisema, majimaji ya pale hubanwa, na kihisio hutoa namba ya chini isiyo ya kweli. Dalili yake ni kwamba mstari hudondoka ghafla, na mtu akijigeuza hupanda ghafla vilevile. Mashine ikisema imeshuka na mgonjwa akasema yuko sawa, toboa kidole uamue. Na hata ikiwa imeshuka kweli, mpe vijiko vitatu vya sukari, ngoja dakika kumi na tano, pima tena kwa kidole, kwa sababu kihisio kitakuwa bado kinakuletea habari za nyuma.

“Vijiko vitatu,” alirudia, akimwangalia Shangazi. “Vya chai.”

Tulimwekea Kukhu mto upande wa kushoto ili asigeukie huko, na nyumba ikapumzika. Hapo ndipo kifungo kikaanza umbea. Mashine ile haitoi namba tu, huchora mstari wa siku nzima. Na kila siku, mnamo saa kumi alasiri, mstari wa Kukhu uliota kilima. Kukhu alisema ni mawazo. Alisema ni jua. Binti yangu, akitafuta kuku anayetaga porini, akakuta nyuma ya migomba chungu ya makapi ya miwa, mengine bado mabichi. Meno ya Kukhu ni machache lakini yanajua kazi yao. Hivi kweli mjane wa dereva wa trekta la miwa, katika mji huu, unamwambia muwa ni haramu naye akubali?

Wakubwa wakasema kifungo kimefichua siri. Kukhu naye hakulala. Alimuuliza mjukuu wake, kwa upole na peremende, kifungo hukumbuka mambo kwa muda gani. Akaambiwa saa nane, na mashine isipokisogelea ndani ya muda huo ya zamani hufutika. Juma lililofuata kulikuwa na matanga Matungu. Kukhu aliondoka kabla hakujapambazuka, akarudi baada ya isha, na mashine ikapatikana kitandani kwake, “nimeisahau jamani.” Mstari wa siku hiyo ulikuwa na pengo pana katikati. Shangazi alilisoma lile pengo kwa makini kuliko alivyowahi kuusoma mstari wowote. Kwenye pindo la leso kulikuwa na makombo ya mandazi.

Mngedhani kisa kinaishia hapo, mgonjwa amekamatwa, jamaa wameshinda. Mambo yaligeuka.

Kulikuwa na jambo kuhusu Kukhu ambalo halikuwa la kuchekesha. Kwa miaka alikuwa akiamka katikati ya usiku amelowa jasho, moyo unaenda mbio, anatetemeka, wakati mwingine anazungumza na marehemu kuhusu trekta. Tulisema ni majini. Alisomewa, akanyweshwa kombe, akafukizwa ubani. Mganga mmoja alifika hadi kusema kuna mtu ndani ya nyumba hii anayemwonea kijicho, na sijawahi kusahau jinsi macho yote ya ukumbi ule yalivyonigeukia mimi, mke wa mwana.

Sasa usiku mmoja mashine ikalia saa nane. Mto ulikuwa mahali pake, Kukhu amelala chali. Mstari haukuwa umedondoka, ulikuwa umeteremka polepole tangu saa tano, hatua kwa hatua. Shangazi alishika kikombe cha sukari, nikamshika mkono, nikamtoboa Kukhu kidole kwanza. 3.2. Nguo yake ya kulalia ilikuwa imeloa. Vijiko vitatu, dakika kumi na tano, tukampima tena: 4.6. Akaacha kutetemeka, akaomba ashikwe mkono, akalala. Mashine ikaendelea kuchora. Kuanzia saa kumi alfajiri, wakati hakuna aliyekula chochote na mimi nimekaa pale pembeni yake shahidi, mstari ukaanza kupanda wenyewe, ukapanda, na asubuhi kidole kikasoma 12.

Usiku uliofuata mambo yakajirudia, na mwingine tena. Tukazipeleka zile picha za mistari kliniki. Kijana alizitazama kwa muda mrefu. Insulini ya jioni, alisema, ilikuwa inafika kileleni katikati ya usiku, wakati tumbo ni tupu, inamshusha. Kisha alfajiri mwili hutoa homoni za kumwamsha mtu, nazo huliamuru ini limwage sukari. Hutokea kwa kila binadamu, mimi na wewe, ila sisi tuna insulini ya kuituliza na Kukhu hana ya kutosha. Kwa hiyo mama huyu aliposema “sikula kitu” alikuwa anasema kweli. Na sisi, kwa kumpima asubuhi tu, tulikuwa tunapeleka kliniki zile 13 na kulalamika sukari iko juu, dozi ya jioni inaongezwa, na usiku unazidi kuwa mbaya.

Dozi ya jioni ikapunguzwa. Jasho la usiku likakoma. Marehemu hakuulizwa tena habari za trekta.

Shangazi hakuomba radhi, si tabia yake. Ijumaa iliyofuata alichinja jogoo wake mwenyewe, akampika, akampelekea wifi yake firigisi kwenye sahani ya peke yake. Anayewajua Waluhya ajue hapo kesi ilifungwa rasmi. Kwangu mimi hakuna aliyesema kitu, na ubani haukufukizwa tena.

Kifungo kilitufundisha na mengine. Ugali wa wimbi, ambao nyumba hii iliuamini kuwa hauna sukari na kwa hivyo Kukhu alikuwa akijipimia mlima, ulichora kilima karibu sawa na wa mahindi. Kilichopunguza kilima ni kupunguza ugali wenyewe, wa rangi yoyote, na kujaza nafasi kwa mrenda na omena. Kutembea hadi dukani na kurudi baada ya kula kulikata kilele kuliko tulivyotegemea, na Kukhu, aliyekuwa akituma watoto kwa kila kitu, akaanza kwenda mwenyewe. Muwa hakuuacha. Aliupunguza ukawa wa Jumapili, kipande kimoja, mbele ya watu.

Kila kihisio hufa baada ya siku 14, kiwe kinakubaliana nawe au la. Cha tatu hakikufika hata hapo. Kukhu alijisugua mgongo kwa dodoki kwa nguvu zake zote, kikang’oka na povu, na kikishang’oka hakirudishwi. Bei ya kingine ukiibadili kuwa shilingi ni mahindi ya nyumba nzima, na mkataba wa kijana Jeddah ulikuwa unakaribia mwisho. Tukarudi kwenye stripu. Tofauti ni kwamba sasa tunajua pa kuzitumia. Badala ya kuzimaliza zote asubuhi, moja moja huwekwa kwa ajili ya saa nane za usiku, hasa dozi ikibadilishwa au Kukhu akila kidogo jioni.

Kwa hiyo ninyi ndugu zetu mlioko Jeddah, Doha, Manchester na Minnesota, mnaotaka kumtumia mzazi kifungo: ulizeni kwanza kliniki yake inahesabu kwa milimoli au kwa miligramu, mnunue mashine inayolingana. Tieni ndani ya boksi karatasi ya maelezo ambayo kuna mtu nyumbani anaweza kuisoma. Na kabla hamjalifunga, ongezeni pakiti mbili za stripu. Hizo ndizo zitakazobaki kazini wiki mbili zikishapita.